Meno ya Stempu

Mimi si mwepesi wa kuomba radhi. Wanafunzi wangu wa Mpanda wanalijua hilo, walimu wenzangu wamelisema mbele yangu na nyuma yangu, nami siku zote nimelichukua kuwa sifa. Anayesimama mbele ya ubao lazima awe na hakika, maana akiyumba yeye darasa zima linayumba. Kwa hiyo Kabula, rafiki yangu wa tangu shule, aliponipigia simu mwezi uliopita kuniambia kwamba Mwalimu Fidelis amefariki, na kwamba mazishi ni Jumamosi nyumbani kwake Kasense, nilifunga begi nikijua nitakachosema nikipewa nafasi. Niliandika kabisa kwenye karatasi: marehemu ndiye aliyenifundisha kutoogopa. Nilikuwa na ushahidi, tena ushahidi wa mwaka mmoja tu, ule niliokuwa kidato cha tatu, mwaka ambao nyota yenye mkia ilipita juu ya Ufipa. Mwaka huo niliharibu kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo mwalimu wangu, nikakiri kwa mdomo wangu, na sikufukuzwa shule. Nimeusimulia mkasa huo madarasani zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu. Nilikuwa nausimulia vibaya.

Shule yetu ya wasichana ilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Mollo, na chumba cha jiografia kilikuwa mwisho kabisa wa jengo la madarasa. Dirisha moja lilitazama milima ya Mbizi, la pili lilitazama jiko, kwa hiyo kuanzia kipindi cha tatu tulijifunza mito na mabonde huku harufu ya maharage ikituita. Palikuwa na tufe la dunia lililopasuka katikati ya bahari, ramani mbili zilizoliwa na mende, na kabati la mninga lenye kufuli. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, na ndani ya daftari stempu. Mwalimu Fidelis hakukusanya stempu za wanyama wala za wafalme. Alikusanya za nyumba za kutazamia nyota tu. Alizaliwa Wampembe, kwa wavuvi, na aliwahi kutuambia kwamba wazee wa kule walijua kila nyota inatoka saa ngapi na inazama wapi, lakini hakuna aliyewaita wataalamu. Alipofika shule akasoma kwamba ziko nchi ambako watu wanajengewa nyumba na kulishwa ili watazame nyota, hakuamini. Akaanza kuwaandikia. Wakajibu. Nchi zile zilikuwa na desturi ya kuziweka nyumba hizo kwenye stempu, na kila barua iliyojibiwa ilileta picha moja ya nyumba ambayo hakutegemea kuiona maishani.

Zilikuwa thelathini na moja. Mpaka leo naweza kuzichora nyingi bila kutazama. Palikuwa na ile ya Greenwich, yenye mpira mwekundu juu ya paa ambao kila siku saa saba mchana huangushwa ili mabaharia warekebishe saa zao. Palikuwa na ya Samarkand, ambako nyumba yenyewe ilikwisha kubomoka zamani, kikabaki kipande cha duara la mawe kilichochimbiwa ardhini kama mfereji uliopinda. Palikuwa na ya Jaipur, isiyo na kioo wala bomba, ngazi tu ya mawe inayopanda hewani, na kivuli chake ndicho kinachosoma saa. Kabula aliipenda hiyo kuliko zote. Kwao walikuwa wafugaji, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao bonde la Ziwa Rukwa, na alisema baba yake anasoma saa kwa kivuli cha fimbo, kwa hiyo hao wa Jaipur wamemwiga. Mtani yule hakuchoka kutusumbua sisi Wafipa kwa ile sifa yetu ya uchawi. Mwalimu alipotaja neno darubini, Kabula alinyoosha mkono na kuuliza kwa adabu zote kwa nini watu wanaosafiri kwa ungo wahangaike na darubini, si wapande tu wakaione nyota hukohuko karibu. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Darubini ndiyo iliyokuwa roho ya mwaka ule. Mwezi wa kwanza lilikuja tangazo kwamba Dar es Salaam kutakuwa na onyesho la stempu za shule, na shule itakayoshinda itapewa darubini kabla ya Pasaka. Nyota yenye mkia ilitazamiwa kuonekana vizuri baada ya Pasaka. Ikishapita hairudi mpaka miaka sabini na kitu, na Mwalimu alikuwa amekaribia arobaini, kwa hiyo hesabu yake haikuhitaji ubao. Jumapili tuliporuhusiwa kutoka, mimi na Kabula tulikwenda kwake Kasense, ambako mkewe, Mama Deo, alitupikia ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, wakavu, walioungwa kwa karanga, akatukalisha kwenye mkeka karibu na mafiga kwa sababu ya baridi. Ukuta wa jiko ulikuwa mwembamba. Siku moja tulimsikia akimwambia jirani kwamba hiyo darubini ikija mumewe ataihamishia kitandani, yeye Mama Deo akalale na kuku. Jirani akacheka. Kisha tukasikia sauti ya Mwalimu mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejitetea mbele ya padri: "Nikitazama mara moja tu, mama, nitanyamaza. Mara moja." Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Nikaapa moyoni kwamba mtu huyu atatazama, na kwamba mimi ndiye nitakayemfikisha hapo.

Sikuapa bure, maana nilikuwa katibu wa klabu yake ya stempu na mikono yangu ilisifiwa shule nzima. Sifa hiyo niliipata kwenye ushonaji. Sista aliyetufundisha kushona alikuwa na imani moja kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni upindo. Kitambaa chenye nyuzi zinazoning'inia, alisema, ni sawa na mtu aliyetoka nyumbani bila kunawa uso. Alitufumulisha vitambaa vya meza mara tatu, mara nne, hadi ukingo unyooke. Wenzangu walilia, mimi nilifurahia. Kufikia kidato cha tatu sikuweza kuona ukingo uliochakaa nikautazama tu. Nilipunguza kingo za majani ya madaftari, nilinyoosha pindo za mapazia ya bweni, na wasichana waliniletea sketi zao kabla ya sikukuu. Kwa hiyo mwezi wa pili, Mwalimu alipopata habari za msiba wa mjomba wake Wampembe, na akalazimika kuondoka wakati tumebakiza siku chache tufunge kifurushi cha Dar es Salaam, hakusita. Alinikabidhi ufunguo wa kabati, akanionyesha karatasi za manila tutakazobandikia stempu, akaniambia nizipange kwa nchi na niandike maelezo kwa mwandiko wangu mzuri. Akasema, "Skola, nakuamini." Hakusema neno kuhusu meno ya stempu. Kwa nini aseme? Hakuna mkusanyaji wa stempu duniani ambaye angewaza kusema.

Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, jua likiingia dirishani na kufika mpaka kwenye meza. Nilizitandaza zote juu ya manila nyeupe, nikarudi nyuma hatua mbili kuzitazama, na nikaona aibu. Kila moja ilikuwa na ukingo uliochanikachanika, vijino vijino pande zote nne, vingine virefu vingine vifupi, kwa sababu ndivyo stempu inavyobaki inapong'olewa kwenye wenzake. Nilimfikiria yule mwamuzi wa Dar es Salaam akitazama kazi ya shule yetu na kusema hawa wa Rukwa hawakufundishwa hata upindo. Nikaenda bwenini kuchukua mkasi wangu wa kushonea. Kabula, niliyerudi naye, alishika rula. Alifikiri kidogo, akauliza kama hayo meno hayana kazi. Nilimjibu kwamba hayana, na nilimjibu kwa sauti ninayoitumia hadi leo mwanafunzi akiniuliza jambo nisilolijua. Tukakata. Tulianza na Greenwich, tukaja Samarkand, tukafuata Jaipur, upande mmoja baada ya mwingine, mpaka thelathini na moja zikawa zimenyooka kama picha za pasipoti. Vijimeno vilijaa kiganja kimoja, nikavitupa dirishani. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama nilivyojivunia alasiri ile, na nasema hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Mwalimu alirudi Jumatatu asubuhi, akaja chumba cha jiografia kabla hajafika hata ofisini, viatu vikiwa na vumbi la safari. Nilikuwa nimemsubiri mlangoni. Nikamwamkia, nikafunua kitambaa nilichofunikia kazi. Alitazama manila ya kwanza, akaenda ya pili, akarudi ya kwanza. Kisha akavuta kiti akakaa. Aliniuliza nani amefanya hivi, nikamjibu ni mimi, na bado nilikuwa natabasamu. Ndipo alipoinua uso, na tabasamu langu likaisha lenyewe.

"Nani alikuambia meno ni uchafu?" akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Niliona mwenyewe."

Alipitisha kidole kwenye ukingo wa ile ya Greenwich. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba meno yale ndiyo kitambulisho cha stempu. Wanaojua huyahesabu, kwa hesabu yake hutambua stempu ilichapwa wapi na lini, na kama ni ya kweli. Stempu iliyokatwa meno ni kipande cha karatasi chenye picha. Onyesho halitaipokea hata moja. Nikasema nitakwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule nimwambie, kwa maana nilijua kwamba yeye mkuu alikwisha kumwahidi ofisa elimu darubini hiyo, na kwamba siku ileile angekuja kuangalia kazi. Mwalimu alinitazama kama anayepima kitu. "Nenda darasani," akasema. "Mkuu nitazungumza naye mimi."

Mkuu wa shule alikuja saa nne. Tulikuwa chumba cha pili kwenye kipindi cha hisabati, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba kama ule wa jiko la Kasense. Tulimsikia akisema kwamba aliyefanya upumbavu huu atafungasha sanduku lake leo, awe nani. Hatukusikia jibu la Mwalimu, maana yeye alizungumza chini siku zote. Kabula alinikanyaga mguu chini ya dawati. Nilikaa nikisubiri mlango ufunguliwe niitwe jina. Nilifikiria njia ya kurudi nyumbani na sanduku kichwani, na wazazi wangu wakiwa shambani wakiniona kwa mbali. Kengele ikalia. Hakuna aliyekuja. Siku iliyofuata hakuna aliyekuja, wala juma lililofuata. Klabu ya stempu ikafungwa, kabati likahamishiwa stoo, na mimi nikaendelea kusoma. Katika mtihani wa muhula niliongoza kidato kizima, nikapata jibu. Mwalimu amenitaja, nilijiambia, na mkuu wa shule ameona hawezi kumfukuza msichana anayeongoza. Jibu hilo lilinitosha kwa miaka karibu arobaini. Nimelisimamia kila nilipohitaji ujasiri: nilipoomba chuo, nilipogombana na ofisa aliyetaka kunihamisha, nilipokataa posa ya mtu niliyeambiwa sitapata mwingine. Ukiwa bora, nilijiambia, na ukakiri kosa lako ukiwa umesimama, hawawezi kukutupa.

Nyota yenye mkia tuliiona baada ya Pasaka, kwa macho matupu. Mwalimu aliomba ruhusa kwa matroni, akatutoa alfajiri kuelekea uwanja wa mpira, sisi tumejifunika mablanketi, nyasi zimejaa umande. Mawingu ya mvua za mwisho yalikuwa yamefunika nusu ya anga. Alituonyesha kwa kidole, na baada ya kuhangaika sana tukaona doa jeupe, kama chaki iliyofutwa kwa kidole gumba. Wasichana wengi walisikitika, walitegemea moto. Mwalimu alisimama akitazama doa lile hadi mawingu yalipolimeza, na hata baada ya hapo hakugeuka. Nilisimama karibu naye nikitaka kusema jambo. Moyo uliniuma kweli, sikuwa jiwe. Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikwisha kujiaminisha kwamba kosa limesamehewa na wote waliohusika, kwa hiyo nikanyamaza, tukarudi kunywa uji. Tangu muhula huo wasichana walianza kumwita Mwalimu Mkasi. Jina lilitoka kwa wapishi, ambao nao walilipata kwa walimu. Mimi nilidhani wananipiga mafumbo mimi kwa kupitia kwake, na niseme kweli yote, sikuchukia. Nililitumia na mimi.

Basi Jumamosi ile ya mazishi nilifika Kasense na karatasi yangu. Nilimwamkia Mama Deo ndani, nikakaa naye kidogo kwenye mkeka kati ya wanawake, akanishika mkono bila kunitambua, kisha akanitambua. Nje watani walikwisha kuanza kazi yao ya kumwiga marehemu na kuwachekesha wafiwa, kama inavyopasa marehemu anapokuwa mtu wa kwetu na watani wake ni Wasukuma. Kabula, mwanamke wa wajukuu sasa, alikuwa amevaa koti la Mwalimu na miwani yake, ameshika mkasi, anakata gazeti vipande vipande. Alikuwa akisema kwa sauti ya Mwalimu, ileile ya chini, kwamba stempu hizi chafu, zina meno kama mamba, ngoja nizing'oe zisije zikaniuma. Watu walishika mbavu. Deo, mwana mkubwa wa marehemu, mtu mwenye mvi sasa, alikuwa akimweleza mgeni aliyekaa jirani yangu kwamba baba yao alipoteza darubini ya shule kwa mkono wake mwenyewe. Alikata meno stempu zake zote, akapewa barua ya onyo, akacheleweshwa cheo, na hadi uzeeni walikuwa wakimtania mezani kwa habari hiyo. Alieleza akicheka, kwa upendo.

Nilimfuata Kabula nyuma ya jiko, kwenye masufuria ya wali wa msiba. Alikuwa amevua miwani anafuta jasho. Nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu Jumatatu ileile, kwa sababu alitumwa kupeleka madaftari ofisini akamkuta Mwalimu anaandika maelezo kwa mkono wake kwamba amezikata yeye.

"Na hukuniambia."

"Alinikataza. Akaniambia, huyu akijua ataanza kutembea kwa kunyata, na mimi nataka atembee hivihivi." Kabula alinitazama usoni. "Nilimwahidi kwa uhai wake. Leo uhai wake umekwisha, dada."

Karatasi yangu niliiacha palepale kwenye benchi la wapishi. Nikaenda mbele, nikamwomba msemaji wa familia kipaza sauti, naye akanipa akidhani nakwenda kusoma wasifu. Nilisema kwamba naitwa Skolastika, kwamba stempu za Mwalimu Fidelis nilizikata mimi, zote, na kwamba yeye hakukata hata moja. Alisema ni yeye ili mimi nibaki shule. Nilisema sikuwa nimejua mpaka saa ile, na kwamba naomba radhi, kwake na kwa nyumba yake. Sikuwa na la kuongeza, mimi ambaye sijawahi kukosa la kuongeza. Deo alikuwa ameinamisha kichwa. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Deo, ametolewa ndani na wanawake wawili ili asikie vizuri. "Mimi nimemcheka miaka yote hiyo," akasema, "na yeye alikuwa anacheka na mimi."

Hakuna aliyejua afanye nini, isipokuwa mtani. Kabula alikuja mbele taratibu, akavua koti la Mwalimu, akanivalisha mimi mbele ya watu wote, mkono mmoja kisha wa pili, akanifunga vifungo. Akanipa na mkasi. Kisha akageukia jeneza, akamwambia marehemu kwamba deni la kuchekwa amelilipa vya kutosha, sasa apumzike. Kicheko kilianza nyuma, kwa wanawake wa Kisukuma, kikaja mbele, kikamfikia Deo, kikamfikia Mama Deo. Nikasimama pale nikilia ndani ya koti lile, wakinicheka, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanamcheka mkataji mwenyewe.